Namna ya kujaza ukumbi Dar kwa hadithi: mwongozo kamili kwa anayeandaa shoo

Kaa na simu yako Alhamisi jioni upitie stetasi za watu hapa mjini, utakutana na matangazo ya shoo mpaka uchoke, na karibu yote yanasema kitu kile kile: picha ya msanii kakunja sura, tarehe, ukumbi, kiingilio, usikose. Sasa mfikirie anayeyasoma. Yuko Kimara, kashaoga kashakula, mpira unaanza saa mbili, na ukumbi wako uko Mikocheni. Kwenda atapanda mwendokasi mpaka Morocco halafu aunganishe, kurudi saa saba usiku ni Bolt na bei ya Bolt muda huo anaijua vizuri tu. Tangazo lako limemwambia lini, wapi na shilingi ngapi, ila halijamwambia kwa nini anyanyuke, kwa hiyo anapiga laiki anaendelea na mambo yake, halafu mwandaaji anabaki analalamika watu wa Dar hawasapoti sanaa. Wanasapoti sana. Hawajapewa sababu tu.

Kinachomtoa mtu nyumbani ni kutaka kujua itakuwaje. Hadithi ya kuuza shoo ina kazi hiyo moja: ianzie kwenye simu ya mtu halafu ikatike mahali ambapo mwisho wake unapatikana ukumbini peke yake, usiku ule, mbele ya macho yake. Ukiimaliza Instagram umewapa burudani ya bure na umebaki na viti.

Hili jambo hapa kwetu si geni. Bendi za dansi za Msondo wanaoanzia NUTA Jazz ya 1964, na Sikinde, yaani DDC Mlimani Park ya 1978, siku wakikutanishwa hakuna aliyehitaji maelezo marefu, swali lilikuwa moja tu, leo nani atafunikwa? Na Simba tangu 2009 kila msimu unapoanza wana Simba Day yao, watu wanajaa kwa Mkapa, uwanja wa watu 60,000, na sehemu kubwa ya siku ni kutambulisha kikosi. Jina linaitwa, mchezaji anatoka na jezi mpya, uwanja unalipuka. Habari za usajili watu wameshazisoma wiki nzima, lakini kumwona akitokea pale ni kitu cha pale pale, huwezi kukipata gazetini. Yanga nao wana kilele cha Wiki ya Mwananchi, mambo ni yale yale.

Wewe huna watu 60,000, una ukumbi wa watu 300 na bajeti ya mawazo. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: tafuta swali lililo wazi

Usianze na bango. Anza kwa kukaa na msanii, au bondia, au mchekeshaji, yeyote atakayepanda steji, mkae saa nzima mnywe hata kahawa, na umuulize vitu ambavyo watangazaji huwa hawamuulizi. Kitu gani hujawahi kukifanya mbele ya watu na usiku huo utakifanya? Nani ungependa awe amekaa kiti cha mbele, na kwa nini yeye? Unaogopa nini kuhusu shoo hii? Hilo la kuogopa wengi wanalikwepa mwanzoni, usilazimishe, lirudie mwishoni mkishazoeana, mara nyingi dhahabu iko hapo.

Nitumie mfano mmoja mpaka mwisho ili tuende pamoja. Tuseme unaandaa usiku wa muziki wa dansi Kinondoni, una bendi ya vijana wazuri ila hawana jina, na umempata mzee mmoja wa Magomeni aliyekuwa anapiga solo zamani. Mzee aliuza gitaa lake 1998 alipe ada ya mtoto na tangu hapo hajapiga mbele ya watu. Binti yake wa mwisho kazaliwa gitaa limeshauzwa, kwa hiyo hajawahi kumsikia baba yake akipiga hata siku moja. Usiku wa shoo mzee atapiga na binti atakuwepo.

Umeshaona swali liko wapi? Mkono bado upo au umekwenda? Na binti akimsikia itakuwaje? Hakuna anayejua jibu, hata mzee mwenyewe.

Jinsi ya kulipima: nenda kijiweni, mwambie bodaboda hadithi yako kwa sentensi mbili, usitaje tarehe wala kiingilio. Akikuuliza "kwa hiyo ikawaje?" umepata. Akikwambia "sawa kaka, hongera" bado huna kitu, rudi ukakae tena na msanii wako. Jaribu pia kwa mama lishe, jaribu kwa mtu asiyependa kabisa muziki wa dansi, huyo ndo kipimo kikali kuliko wote.

Swali linabadilika kulingana na tukio. Ngumi zinajiuza kwa mtaa, kijana wa Manzese na kijana wa Keko tayari una watu wawili na mitaa miwili inayodaiana heshima, unachotakiwa kutafuta ni nini hasa wanadaiana. Vichekesho: mchekeshaji ataongelea nini ambacho nyumbani kwao wamemkataza? Taarabu ina faida yake, maana mashabiki wanakuja wakijua nani atamtunza nani na wimbo gani utapigwa kwa ajili ya nani. Hata semina ya biashara inawezekana, mchukue mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeamua kufungua daftari lake la madeni mbele ya watu, aonyeshe mwaka alioanguka na jinsi alivyorudi. Watu watalipa kwa daftari hilo kuliko kwa mada tano za "fursa".

Hatua ya pili: hakikisha ni kweli, na hakikisha unaruhusiwa kuisema

Hapa naomba tuelewane vizuri. Kiki naijua, nimeona watu wanatengeneza ugomvi wa uongo wiki mbili kabla ya shoo, na kweli watu wanazungumza. Lakini mtu aliyelipa elfu kumi na tano akafika akagundua ugomvi ulikuwa maigizo hatakulipa tena, na atawaambia ofisi nzima. Na baya zaidi ni lile la kuweka picha ya msanii mkubwa kwenye bango wakati hata malipo ya awali hujampa. Jina lisiwekwe popote mpaka mkataba umesainiwa. Kama ni mgeni wa kushtukiza, usitangaze kwamba kuna mgeni wa kushtukiza mpaka uwe na uhakika wa kuja kwake kama ulivyo na uhakika wa jina lako.

Kwa mzee wetu, hakiki mwaka, hakiki bendi alizopiga, ongea na watu wawili watatu waliokuwa nae. Kisha nenda kwake, kaa na familia, muombe ruhusa ya kusema habari ya ada na gitaa, na muulize binti peke yake kama anataka kuwa sehemu ya jambo hili. Akisema hataki, hadithi inabaki ya mzee na gitaa, binti humtaji. Andikianeni na kumlipa mlipe. Hadithi ya maisha ya mtu ni mali yake, wewe umeazimwa.

Vibali navyo vishughulikie mapema kabla hujaposti chochote: BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kwa tukio lenyewe, hakimiliki ya nyimbo zitakazopigwa, polisi, serikali ya mtaa, na TRA mambo ya kodi na risiti. Na kelele je, ukumbi upo katikati ya makazi? NEMC, wale wa mazingira, hawana mchezo na muziki wa usiku siku hizi, usiahidi "mpaka kuche" kama kibali chako kinaishia saa sita.

Hatua ya tatu: chagua tarehe na mtu unayeongea nae

Fupi tu hapa. Mwisho wa mwezi watu wana hela, tarehe 15 hawana. Januari ni ada na kodi ya nyumba, achana nayo. Angalia kalenda ya Ramadhani, angalia ratiba ya ligi, ukigongana na Simba na Yanga umejitakia. Masika, Machi mpaka Mei, usifanye kitu cha uwanja wa wazi. Halafu mchague mtu mmoja, sio "vijana wa Dar", mtu: dada wa miaka 34, anafanya kazi Posta, anakaa Tabata, baba yake alikuwa anapiga santuri za dansi Jumapili. Kila posti iandike kama unamtumia yeye meseji. Wengine watajikuta humo humo.

Hatua ya nne: rekodi mchana mmoja, upate vitu vya mwezi mzima

Huhitaji kamera ya gharama. Simu yenye kioo kisafi cha kamera, kipaza kidogo cha kubana shatini, na mahali penye kivuli kizuri. Sauti ndo inaharibu kazi za wengi, mtu anavumilia picha mbaya ila sauti mbovu anapita. Kwa hiyo kaa mbali na barabara ya bodaboda, zima feni, na panga muda usigongane na adhana ili usimkatishe mzee katikati ya jambo.

Usimwambie aanze tangu kuzaliwa. Mwambie "nielezee ile siku ulivyolipeleka gitaa kwa mnunuzi". Ulipita njia gani? Ulilishika mkono gani? Mnunuzi alisema nini? Alilijaribu mbele yako? Ukirudi nyumbani ulimkuta nani mlangoni? Mtu akikumbuka mahali na vitu, hisia zinakuja zenyewe, huna haja ya kumuuliza "ulijisikiaje", hilo swali linawafanya watu watoe majibu ya redioni.

Halafu mpe gitaa. Umeazima kutoka kwa kijana wa bendi, unaliweka mezani barazani na kamera inaendelea. Hapo usiseme kitu. Atalitoa kwenye begi, atapapasa shingo yake, atageuza ufunguo mmoja asikilize, atageuza wa pili, pengine atauma mdomo maana vidole vimekuwa laini na nyuzi zinakata. Chukua mikono karibu, chukua uso, chukua mke wake aliyesimama mlangoni na ungo anajifanya anapepeta mchele. Akitaka kupiga wimbo mzima, mzuie kwa upole, mwambie mzee huo tuuweke wa siku yenyewe. Huo wimbo ndo mzigo unaouza.

Ukitoka hapo uwe na: mzee akisimulia, mzee na gitaa bila wimbo, vijana wa bendi wakisema wanavyomuogopa au wanavyomsubiri, mtu mmoja aliyemsikia enzi hizo, na picha za zamani ulizozipiga upya vizuri kutoka albamu ya nyumbani. Klipu kumi na mbili hivi za sekunde 30 mpaka 60 zinatosha kabisa.

Hatua ya tano: igawe hadithi kwa wiki nne

Wiki ya kwanza usiuze kitu. Hakuna tarehe, hakuna kiingilio, hakuna bango. Posti ya kwanza ya maandishi iwe hivi:

"Mzee aliuza gitaa lake 1998 alipe ada ya mtoto. Juzi tumempelekea jingine, Magomeni. Akalishika, akageuza funguo, akagusa nyuzi tatu, akalirudisha kwenye begi. Tukamuuliza mzee vipi, akasema nitalipiga mbele ya watu au silipigi kabisa."

Basi, ishia hapo. Watu watauliza lini, wapi, wajibu "tunapanga nae, tutawaambia". Unaowajibu wiki hii ndo watakuwa wanunuzi wako wa kwanza, waandike pembeni.

Wiki ya pili toa tarehe na fungua mauzo. Kama kiingilio ni 15,000, tiketi 60 za mwanzo uza 10,000, na watumie kwanza wale waliouliza, mmoja mmoja kwa jina, kabla hujaweka hadharani. Mtu aliyetumiwa meseji yake mwenyewe analipa haraka kuliko aliyeona kwenye grupu la watu 200, hili halihitaji uchawi. Kwenye posti za wiki hii simulia siku ya kuuza gitaa.

Wiki ya tatu mzee anyamaze, waongee wengine. Kijana wa solo wa bendi aseme ukweli, kwamba akisimama nae atapiga nini na kwanza nani ataachia nani nafasi. Mtu wa zamani akumbuke ukumbi waliokuwa wakicheza. Binti aseme sentensi moja tu, nyumbani nimemuona baba akigonga meza kwa vidole, sijawahi kusikia zaidi ya hapo. Hii wiki ndo watu hupotea kwa sababu msisimko wa mwanzo umeisha na siku bado iko mbali, kwa hiyo weka klipu yako nzuri kuliko zote hapa, usiimalize wiki ya kwanza.

Wiki ya nne changanya mazoezi na usafiri. Klipu ya mlango wa chumba cha mazoezi, muziki unasikika kwa nje, mlango umefungwa. Halafu vitu vya kawaida ambavyo waandaaji wengi wanavisahau: daladala gani inashusha karibu, gari linaegeshwa wapi na kuna mlinzi, chakula kipo, mlango unafunguliwa saa ngapi, mzee anapanda saa ngapi, shoo inaisha saa ngapi. Dada wa Tabata akijua saa ya kuisha anaweza kupatana na dereva wake mapema, na akishapatana na dereva ujue anakuja. Wengi ambao hadithi iliwashika ila hawakuja walishindwa kwenye usafiri tu.

Hatua ya sita: ipeleke watu walipo

WhatsApp kwanza. Voisi ya mzee ya sekunde 40 inatembea kwenye magrupu ya familia kuliko bango lolote, maana mtu anaituma kwa mama yake. Waombe bendi, wapishi, walinzi, kila aliye kwenye shoo aweke stetasi kwa maneno yake mwenyewe, usiwagawie maandishi yale yale yaliyokopiwa. TikTok na Instagram zipewe mikono na nyuso. Ukiwa na hela kidogo ya kubusti, usibusti bango, busti ile klipu ambayo tayari watu wanaituma wenyewe.

Redio bado ina nguvu sana Dar, kwenye daladala, saluni, gereji. Ukipata mahojiano, kaa na mtangazaji kabla hamjaingia hewani mkubaliane kwamba mzee hatapiga wimbo studio hata akibembelezwa. Mtangazaji ataomba, ni kazi yake. Mzee akisema "hiyo ni ya Jumamosi mwanangu" umepata tangazo bora kuliko yote.

Gari la matangazo linafaa kama ukumbi uko uswahilini na watu wako wanatembea kwa miguu, ila script yake iwe hadithi, isiwe kelele za "njooni njooni". Na kwa wenye wafuasi wengi mtandaoni, chagua anayependa dansi kweli hata kama wafuasi wake ni wachache, umlete mazoezini aone kwa macho yake.

Namba za simu unazokusanya zitunze. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, mtu akikupa namba kwa ajili ya shoo hii mwambie utaitumia kwa nini, na akisema mtoe, mtoe.

Hatua ya saba: tiketi nayo isimulie

Mtu akishalipa kwa lipa namba, watu wengi wanamrudishia "malipo yamepokelewa" na kimya. Mtumie namba ya tiketi yake pamoja na kipande ambacho hakipo hadharani, mfano picha ya mzee 1985 na bendi nzima, umwambie mtafute ni yupi hapo. Ataionyesha kwa mwenzake, na mwenzake atauliza inapatikana wapi. Getini weka watu wawili wenye adabu na mtandao usio na shida, foleni ya nusu saa inaua kila kitu ulichojenga mwezi mzima.

Hatua ya nane: usiku wenyewe, steji ilipe deni

Panga jibu la swali lako mahali sahihi. Mzee akipanda saa mbili nusu ya watu bado wako foleni za barabarani, akipanda saa saba wa mbali wameshaanza kuondoka. Saa nne mpaka nne na nusu hivi, bendi imeshapasha ukumbi, watu wamekula. Kabla yake MC apewe maelekezo mafupi: aseme jina na aondoke. Watu hadithi wanaijua tayari, akianza kuisimulia upya anaivunja. Punguza taa, kiti kimoja, gitaa limeshasimama pale. Saundi cheki ya gitaa hilo ifanyike mchana na mzee mwenyewe, kwa kipaza kile kile.

Binti mkalishe mahali anapoonekana na wenye kukaa mbele ila usimmulike taa usoni. Na mzee akikosea noti, aendelee, mwambie hivyo mapema ili asiogope. Watu wamekuja kujua mkono upo au umekwenda, kwa hiyo hata kukosea kunawaingiza ndani zaidi. Akimaliza, bendi isikurupuke na wimbo wa pili. Waacheni watu.

Hatua ya tisa: kesho yake

Asubuhi ile ile watumie waliokuja klipu ya dakika moja kabla ya mtu mwingine yeyote, na uwashukuru kwa majina kama unayo. Hadharani weka mchana, weka nyuso za watu zaidi ya steji, na ombeni ruhusa mnapopiga watu picha za karibu. Wimbo mzima usiuweke wiki hiyo, ambaye hakuja aachwe akiuliza kidogo.

Kwenye hiyo hiyo wiki mfuate mzee na vijana wa bendi, uwaulize nini kilitokea usiku ule ambacho hawakukitegemea. Pengine kijana wa solo ameomba kwenda Magomeni kila Jumanne kujifunza, pengine wanataka kutunga wimbo pamoja. Hapo swali la shoo inayofuata limeshazaliwa, na una watu 300 waliokuwepo mwanzo wake.

Na kuna daftari moja dogo nisisahau. Getini, mwenye kukata tiketi amuulize kila mtu swali moja, umetusikia wapi, na apige alama: voisi, stetasi, redio, gari, rafiki. Mwisho wa usiku hesabu, linganisha na ulichotumia kila sehemu, na hiyo ndo bajeti ya matangazo yako ya mwezi ujao.